Likelemba ya simu: mama wa Sake na sasisho linalongojewa

Kwa jamaa iliyokimbia vita, simu ndiyo kitu cha mwisho kuuzwa. Godoro linauzwa, sufuria kubwa inauzwa, hata kitenge cha sherehe kinauzwa. Simu inabaki, ijapokuwa kioo kimepasuka. Ndani yake mna namba za ndugu waliotawanyika, ujumbe wa kuitwa kwenye ugawaji wa misaada, feza za M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, picha ya kadi ya uchaguzi iliyoungua pamoja na nyumba, na mara nyingine sauti ya mtu ambaye hakuna anayejua aliko.

Mama mmoja wa Sake, mwenye watoto wanne, anaijua hesabu hiyo. Aliacha Sake mwezi wa pili 2024, wakati mapigano yalipokaribia mji huo ulio kilomita 25 hivi magharibi mwa Goma, na barabara ikajaa watu, mbuzi, magodoro na tshukudu zilizopakiwa mpaka juu. Alifika Bulengo na watoto, sufuria mbili na simu. Bwana yake alibaki nyuma juu ya mbuzi. Alisema ni siku mbili tu. Kwa siku hizo mbili alituma ujumbe wa sauti saba kwa WhatsApp. Wa mwisho ni wa sekunde kumi na moja. Tangu hapo namba yake haijaita tena.

Mwezi wa pili 2025 makambi ya Bulengo na Lushagala yalibaki bila watu. Wengi walirudi walikotoka, wengine wakatafuta mahali mjini. Mama huyu hakuwa na nyumba ya kurudia: kule Sake palibaki mawe ya msingi tu. Akapokewa na shangazi ya bwana yake huko Ndosho, vyumba viwili, watu kumi na mmoja. Simu ya zamani ikaendelea kufanya kazi ya watu wote hao. Wanaotaka kufuliwa nguo walimwita kwa namba hiyo. Ndugu yake aliye kambi ya Nakivale, Uganda, alitumia namba hiyo kumsalimia. Binti yake mkubwa, anayejitayarisha kwa mtihani wa Leta, alipokea humo picha za daftari za wenzake.

Asubuhi moja WhatsApp ikakataa kufunguka. Iliandika kwa Kifaransa kwamba toleo lile limepitwa na wakati na linapashwa kubadilishwa.

Simu yenyewe ilikuwa na Android 6, toleo la mwaka wa 2015, na nafasi ya GB 8, ambayo sehemu kubwa inaliwa na mfumo wenyewe kabla mtu hajapiga hata picha moja. Nyumbani watu walisema: imekufa, imezeeka. Haikuwa hivyo kabisa. Ni kweli WhatsApp inaacha simu za kale hatua kwa hatua. Mwezi wa pili 2020 iliacha zenye Android 2.3.7 na zilizo chini yake. Mwezi wa kumi na moja 2021 ikaacha zilizo chini ya 4.1. Mwezi wa kumi 2023 ikapandisha mstari mpaka Android 5. Simu ya Android 6 ilikuwa bado juu ya mstari huo. Kilichomfungia mama huyu kilikuwa kingine: kila toleo la WhatsApp lina siku yake ya kuisha, kama dawa ndani ya boksi. Mtu akikaa muda mrefu bila kuweka toleo jipya, la zamani linajifunga. Na ili kuweka jipya, alihitaji vitu viwili ambavyo hakuwa navyo: mega za intaneti na nafasi tupu ndani ya simu.

Fundi wa kwanza, mwenye meza karibu na kituo cha pikipiki, aliitazama simu dakika mbili tu.

“Mama, tunaiflashi. Itakuwa kama mpya. Dola tano.”

“Na sauti za ndani?”

“Zitaenda, Mama. Lakini simu itatembea.”

Mama akanyosha mkono, akachukua simu yake, akaaga. Kuflashi ni kufuta kila kitu na kuandika mfumo upya. Kwa simu iliyojifunga kabisa, hiyo yaweza kuwa njia ya mwisho. Kwa simu iliyojaa tu, ni kama kubomoa nyumba kwa sababu mlango umekwama. Jamaa nyingi zimepoteza namna hiyo picha za harusi, picha za marehemu na picha za karatasi za shamba, kwa kuwa hakuna aliyeuliza swali ambalo mama huyu aliuliza.

Fundi wa pili alikuwa kijana aliyesoma umeme katika shule ya ufundi. Alimweleza kwamba ujumbe wa sauti haukai ndani ya programu ya WhatsApp peke yake. Ni mafaili ya kawaida, kila moja na tarehe yake, ndani ya folda ya WhatsApp, mahali paitwapo Voice Notes. Yanaweza kunakiliwa hata wakati programu imejifunga. Akaweka kadi ndogo ya kumbukumbu, akanakili folda nzima, kisha akaanza kupiga sauti moja moja ili mama ahakikishe kwamba zimefika. Mama alisikiliza mbili. Ya tatu ilipoanza, akamwomba asimamishe.

“Inatosha, mwanangu. Nimeamini.”

Baada ya hapo tu ndipo habari ya simu mpya ilianza. Utaratibu huo una maana kwa kila aliyehama: kwanza kuokoa vilivyo ndani, kisha kuwaza kununua. Anayefanya kinyume hufika sokoni na simu ya zamani ya kubadilishana, anampa muuzaji, na jioni anakumbuka alichoacha ndani.

Feza zilitoka kwenye likelemba. Wanawake kumi waliofahamiana Bulengo waliendelea kuchangishana hata baada ya kambi kwisha: dola 2 kila mmoja kwa juma, na kila baada ya majuma manne mmoja anabeba dola 80. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, feza ya mkononi imekuwa ngumu kuonekana, na noti ya dola yenye mpasuko mdogo inakataliwa. Kwa hiyo wale wanawake wanatumiana kwa simu. Asiye na simu inayotembea anaweka zamu yake mikononi mwa mwingine. Hapo ndipo mama wa Sake alipoona kwamba kununua unga kwa dola 80 zote kungempa mwezi mmoja wa kula, na simu ingempa kazi ya kufua miezi mingi. Hata hivyo hakulala vizuri. Watoto walikuwa na deni shuleni.

Nyumbani kila mtu alikuwa na shauri lake. Kijana wa jirani alisema watazame kwanza RAM. Mzee wa nyumba akakunja uso.

“RAM tena? Si walisema wameifuta?”

Watu wakacheka. Mzee alikuwa akikumbuka ile kodi ya kuandikisha simu iliyoanza mwaka wa 2020, ambayo ilikuwa ikikatwa ndani ya yuniti za watu mpaka makelele ya wakaaji na ya wabunge yakaifanya ifutwe mwaka wa 2022. RAM ya kijana ni kitu kingine: ni kumbukumbu ya kazi, kama meza ambayo simu inatandika vitu inavyotumia sasa hivi. Meza ikiwa ndogo, simu inaondoa kitu kimoja kila mara inapotaka kuweka kingine, na mwenyewe anaona inakwama.

Huko Birere waliona njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa tableti. Binti ndiye aliyeitaka, kwa sababu ya kurasa pana za kusomea. Boksi lilikuwa zuri, na picha za watoto juu yake, na jina la kampuni ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Walipoifungua, sehemu ya mipangilio, ambayo kwenye vyombo vingi vya hapa imeandikwa Paramètres, ilionyesha Android 9, ya mwaka wa 2018. Haikuwa na mahali pa kuweka kadi ya sim. Kioo kikubwa kinakula batri, na Ndosho umeme unapokatika, kuchaji ni kulipa. Tableti si chombo kibaya. Shule yenye sola inaweza kuweka ndani yake Wikipedia nzima ya Kiswahili kwa njia ya Kiwix, wanafunzi wakasoma bila mtandao wowote. Lakini jamaa yenye chombo kimoja tu haiwezi kuanza na kile kisichopiga simu.

Njia ya pili ilikuwa simu iliyotumika, Galaxy S9, yenye kamera iliyomfanya binti asahau tableti. Ilikuwa simu ya bei kali ilipotoka mwaka wa 2018. Ilitoka na Android 8, ikapanda mpaka Android 10, ikasimama hapo, na mwaka wa 2022 masasisho ya usalama nayo yakakatika. Anayeinunua leo ananunua mwili wenye nguvu usiopata tena chanjo. Batri yake imefungwa ndani na imezeeka miaka ileile. Tena kuna hatari ya simu zilizotumika kwa jumla: tangu Android 5.1, simu iliyofutwa bila kutoa akaunti ya Google ya mwenyewe wa kwanza huiulizia akaunti hiyo inapowashwa upya, na asiyeijua anabaki na kioo tu. Kwa hiyo muuzaji anapashwa kuifuta na kuiwasha upya mbele ya mnunuzi, kabla feza haijabadili mkono. Muuzaji huyu alisema hana wakati.

Njia ya tatu ilikuwa simu mpya ya bei ndogo, dola 75, yenye Android 14 ya aina ya Go, RAM ya GB 3 na nafasi ya GB 64. Go ni Android iliyopunguzwa uzito. Google iliileta mwaka wa 2017 kwa simu zenye RAM ya GB 1 ao chini yake. Tangu Android 13 inataka angalau GB 2. Kamera yake haikuwa kitu cha kusifu. Tarehe ya usalama wake ilikuwa ya karibuni. Lakini kijana wa jirani alipouliza kama itapata Android inayofuata, muuzaji alitabasamu tu. Hapakuwa na ahadi yoyote juu ya boksi.

Hilo ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hawaulizi, na linahitaji maelezo kidogo. Sasisho, ile mise à jour ambayo simu inaitangaza, ni za aina tatu. Kuna sasisho la programu moja moja, kama WhatsApp, linalopita kwenye Play Store. Kuna sasisho la usalama, linaloziba matundu ambayo wezi wanaweza kupitia. Google ilianza kutoa orodha ya matundu hayo kila mwezi tangu mwezi wa nane 2015. Kisha kuna toleo jipya lenyewe, kutoka 14 kwenda 15 kwa mfano. Google inalitoa, lakini haliendi moja kwa moja Ndosho. Wenye kutengeneza chipu wanapashwa kulirekebisha kwanza, halafu wenye kutengeneza simu wanaongeza mambo yao na kulipima kwa kila aina ya simu waliyouza, halafu wanaligawa kwa vikundi, nchi baada ya nchi. Kazi hiyo inagharimu. Simu iliyouzwa kwa faida ndogo mara nyingi haipati mtu wa kuifanyia kazi hiyo baada ya mwaka mmoja ao miwili.

Kwa simu za bei kali mambo yamebadilika. Mwaka wa 2023 Google iliahidi miaka saba ya masasisho kwa Pixel 8, na mwanzoni mwa 2024 Samsung ikafanya vilevile kwa Galaxy S24. Umoja wa Ulaya nao umeweka sheria, inayotumika tangu tarehe 20 mwezi wa sita 2025, inayotaka simu na tableti zinazouzwa huko zipate masasisho kwa muda usiopungua miaka mitano baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa. Sheria hiyo haifiki Birere. Mzee wa nyumba, aliyewahi kuchukua mizigo kwenye njia ya Rubaya, huko huko Masisi ambako koltani ya kutengenezea vyombo hivi inachimbwa, aliposikia hayo alisema neno moja: “Mawe yetu yanaenda mbio. Sasisho lao linakuja na miguu.”

Kuna anayeuliza: sasisho lina kazi gani kwa mtu anayetafuta unga? Kazi ipo. Simu isiyozibwa matundu ndiyo ileile inayobeba feza za M-Pesa na picha za kadi ya uchaguzi. Na kuna ubaya mwingine, usioonekana mapema. Intaneti inatumia vyeti vinavyoithibitishia simu kwamba tovuti ni ya kweli. Tangu mwisho wa mwezi wa tisa 2024, simu zenye Android iliyo chini ya 7.1 hazitambui tena vyeti vya Let's Encrypt, vinavyotolewa bure na kutumiwa na tovuti nyingi sana. Mwenye simu anaona onyo kwamba mahali pale si salama, anafikiri mtandao umeharibika, ananunua mega zingine, na onyo linarudi. Lakini kabla ya kulaumu uzee wa simu, atazame kwanza tarehe na saa. Simu iliyokaa siku nyingi bila moto inaweza kurudi kwenye tarehe ya zamani, na hapo hata simu mpya itakataa kila tovuti.

Mama akachagua njia ya tatu. Hakulipa mara moja. Kijana alibonyeza *#06#, wakalinganisha namba za IMEI zilizotokea na zile za boksi. Wakafungua Play Store, kwenye mipangilio yake, sehemu inayoeleza programu yenyewe, wakaona maandishi kwamba chombo kimethibitishwa na Play Protect. Hilo lina maana, kwa sababu simu bandia zinaweza kuandika Android 14 huku ndani ni ya zamani, ao kuandika GB 512 huku zina 16. Wakahamishia humo video ndefu, wakaifungua mpaka mwisho. Wakadai fakitira yenye IMEI. Barabara zina vizuizi vingi, na asiye na fakitira hana la kujibu anapoulizwa simu ameitoa wapi.

Dola 5 zilizobaki zilinunua forfe ya intaneti ya juma moja. Ilibidi itumiwe kwa akili. Kijana aliifungua kwanza WhatsApp ya simu yake mwenyewe, ambayo ilikuwa ya karibuni, akatumia ile njia ya Play Store ya kugawa programu kati ya simu mbili zilizo karibu. WhatsApp mpya ikapita kutoka simu yake hadi ile ya zamani ya mama bila kumaliza mega. Nafasi ilikuwa imepatikana, kwa sababu picha zote zilikuwa tayari kwenye kadi. Programu ikafunguka, na ujumbe uliokuwa umengoja ukamiminika: wa Nakivale, wa mashemeji wa Minova, wa mama wa likelemba. Wa bwana yake haukuwepo.

Kisha wakahamisha mazungumzo kwenda simu mpya. Tangu mwaka wa 2023 WhatsApp inaruhusu simu mbili za Android, zikiwa na namba ileile, kupeana mazungumzo moja kwa moja kwa kusoma alama ya QR, bila kupitia Google na bila kulipa mega za mafaili hayo. Ilichukua muda wa kupika maharagwe. Ule ujumbe saba ukafika na tarehe zake. Kadi ndogo ya kumbukumbu mama aliifunga kwa kitambaa, akaiweka pamoja na karatasi za ubatizo za watoto.

Juma la pili simu mpya ikatangaza: sasisho la mfumo lipo, mega 700 na zaidi. Forfe ilikuwa imebakiza mega 90.

Ndipo mama akajua kungoja kwa namna nyingine. Kila asubuhi tangazo lilitokea juu ya kioo, na kila asubuhi alilisukuma pembeni, kama mtu anayemwambia mdai arudi kesho. Aliogopa kwamba simu ingejifunga kama ile ya kwanza. Alimwendea fundi kijana.

“Haitajifunga, Mama. Hii ya mfumo inangoja. Ile ya WhatsApp ndiyo isiyongoja. Wewe weka WhatsApp kila mara, hii nyingine utaiweka siku ukiwa na nguvu.”

Akamwonyesha mambo ya kufanya wakati wa kungoja. Kwenye Play Store, kuzuia programu zisijibadilishe zenyewe kwa mega za kununua. Kwenye WhatsApp, kuzima ule upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe, kwa kuwa kikundi kimoja cha kanisa kinaweza kula forfe ya juma kwa usiku mmoja. Kuweka namba ya siri kwenye kioo na nyingine kwenye kadi ya sim. Kutokubali programu inayotumwa ndani ya kikundi, hasa ile inayoitwa WhatsApp ya rangi nyingine ao ya nguvu zaidi. Si WhatsApp, na aliyeitengeneza anaweza kusoma kinachopita. Na kwa feza, aliendelea na shauri ambalo mama alikuwa nalo tangu Bulengo: sim ya M-Pesa ikae katika simu ndogo ya vibonyezo, ile ya tochi. Kutuma na kutoa kwa kufuata menyu ya namba hakuhitaji Android wala sasisho, na batri yake inadumu siku nyingi.

Wanawake wa likelemba walipoona jinsi WhatsApp ilivyopita kutoka simu hadi simu, waliweka kanuni. Kila siku ya posho, mmoja anayekuwa na forfe anaweka matoleo mapya kwenye simu yake, kisha wenzake wanakaa naye na kupokea. Simu nne zilizokuwa zimejifunga zilifunguliwa namna hiyo siku ya kwanza. Moja haikukubali: ilikuwa na Android 4.4, na hapo hakuna la kufanya. Mwenyewe akaombwa atoe picha zake zote kwanza, na zamu yake ya likelemba ikasogezwa mbele.

Sasisho la mfumo haligawiwi hivyo. Kila aina ya simu ina lake, na kila mmoja analipakua mwenyewe. Kwa hiyo wakaongeza franka kidogo juu ya zile dola 2, za kununua forfe kubwa ya usiku, mtu mmoja kwa juma. Mama wa Sake alipata yake katika juma la tano. Alichaji simu mpaka ikajaa, maana sasisho linaloanza na batri ndogo linaweza kukatika njiani. Akalianzisha baada ya saa sita za usiku, akaacha simu kando ya kichwa, akaamka mara tatu kuitazama. Alfajiri ilijizima na kujiwasha. Alipofungua sehemu ya mipangilio, tarehe ya usalama ilikuwa imesogea miezi minne mbele. Toleo lilibaki lilelile, Android 14. Hakuna aliyemwambia kama la 15 litakuja kwa simu hiyo. Muuzaji wa Birere hajui, na boksi halisemi.

Simu ya zamani anaitumia binti kusikilizia radio kwa visikilizio vya waya, bila mega hata moja, na kusomea picha za daftari zilizomo. Ile mpya inaita mara mbili tatu kwa siku kwa kazi ya kufua. Deni la shule limelipwa nusu.

Muuzaji wa sim wa pale kona alimshauri achukue namba mpya ya mtandao mwingine, yenye forfe nafuu zaidi. Mama alikataa. Kila mwezi anaweka yuniti kidogo kwenye namba ya zamani, hata mwezi usio na kitu, kwa sababu namba iliyokaa bila kutumiwa hukatwa na kupewa mtu mwingine. Bwana yake hakuwa mtu wa kuandika namba. Alijua moja tu kwa kichwa, na ni hiyo.